Gobore Halirithiwi

Desemba iliyopita tulipanda nyumbani Karatu kula Krismasi, kama ilivyo desturi yetu watu wa kaskazini ambao mwaka mzima tumetawanyika mijini. Safari hii kulikuwa na kazi. Nyumba ya zamani ya babu, aliyetutoka miaka mitatu iliyopita, ilikuwa inavuja, na familia ilichanga ili iezuliwe bati na kupauliwa upya. Siku ya pili asubuhi, fundi akiwa juu ya kenchi alishusha kifurushi kirefu kilichoviringishwa turubai na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Mzee, na hiki kitupwe?"

Baba Mdogo alikipokea kwa mikono miwili. Alipokifungua, watu wazima wote tulinyamaza. Lilikuwa gobore.

Kwa msomaji aliyekulia mjini: gobore ni bunduki ya kushindilia. Baruti na risasi, au vipande vya chuma, huingizwa kupitia mdomo wa mtutu na kusukumwa hadi chini kwa ufito uitwao mdeki. Fataki ikigongwa kule nyuma, moto unaingia na baruti inalipuka. Ukishapiga mara moja unaanza upya kushindilia, na mnyama uliyemkosa hakusubiri. Hili letu lilikuwa limeshika kutu nyekundu kama udongo wa Karatu, kitako kimeliwa na mchwa, kinyundo cha kugongea fataki kimekwama hakiendi mbele wala nyuma.

"Hili tunalifufua," alisema Baba Mdogo. Kitako angechonga kipya cha mti wa loliondo. Mtambo angewapelekea wahunzi wa Kidatoga kule Mang'ola, wale wanaofua misumari na vyuma chakavu kuwa vichwa vya mishale. Halafu akamwekea mkono begani mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 11 na jina la babu. "Huyu ndiye mwenyewe. Mtoto wa kiume lazima awe na silaha yake ya kwanza, na iwe ya ukoo."

Mtoto alitabasamu hadi masikioni. Kaka yangu aliangalia chini. Mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi wa habari wa familia na kazi yangu ni kuuliza maswali yasiyoombwa, nilisema: "Baba Mdogo, kabla ya kulifufua, si tujue kwanza limezaliwa wapi?"

*

Nililifuta mtutu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Karibu na kitako, chini ya kutu, ikatokea alama ndogo ya yai, na ndani yake herufi tatu: E, L, G, na kinyota chini. Nilipiga picha kwa simu, nikaanza kutafuta. Kumbe alama ile ni maarufu sana kwa watu wa silaha za kale. Ni mhuri wa ofisi iliyokuwa ikipima mitutu ya bunduki katika mji wa Liège, Ubelgiji. Karne ya 19 mji ule ulikuwa ukitengeneza bunduki za kila aina, zikiwemo za bei ya chini zilizokusudiwa hasa soko la Afrika.

Hapo ndipo historia inapoanza kuwa na kejeli. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalisaini mkataba mjini Brussels, mji mkuu wa nchi hiyohiyo. Mkataba ule ulihusu kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa, zile za mtutu wenye mifuo na risasi za kupakia nyuma, zisiingizwe kwa Waafrika katika eneo kubwa sana la bara hili, kuanzia Sahara hadi kusini kabisa mwa Zambezi. Zilizoachiwa mlango ni zile za kizamani: mitutu laini, za gumegume, na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwanyima silaha wakamata watumwa. Matokeo yake mengine hayahitaji mwanasheria kuyaona. Miaka ileile Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakiteka nchi hizi, upande mmoja uliruhusiwa bunduki za bombomu, mwingine ukabaki na gumegume na jamaa zake.

Kwa hiyo gobore halikubaki mikononi mwa babu zetu kwa sababu walilipenda. Lilibaki kwa sababu ndiyo bunduki waliyoruhusiwa kuwa nayo, na waliruhusiwa kwa sababu ilikuwa mbovu. Hata askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani hawakusalimika na mgawo huo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowakuta mwaka 1914, vikosi vingi bado vilikuwa na bunduki ya modeli ya 1871, inayopiga risasi moja na kutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui pale ulipolala.

Niliposoma hayo nilimwambia Baba Mdogo. Akanisikiliza vizuri, akasema: "Sasa hiyo ndiyo sababu ya kulitunza. Walitupa kibovu, tukaishi nacho."

Ni jibu zuri. Ilinichukua siku mbili kujua kwa nini halikuniridhisha.

*

Ukisimama kwenye shamba letu ukatazama kaskazini, unaona msitu umekaa juu ya milima kama blanketi. Ule ndio ukanda unaozunguka nyanda za juu za Ngorongoro, na nyuma yake ndiyo kreta yenyewe. Watalii hupita Karatu mjini asubuhi wakielekea geti la Lodoare, na jioni wanarudi na picha. Wanyama nao hupita, ila wao hawana ratiba. Tembo, nyati, nguruwe pori na nyani hutoka msituni mahindi yakikomaa. Wairaqw walipokuwa wakipanda kutoka Mbulu kuja kulima huku, karne iliyopita, walikuta ardhi nzuri yenye jirani mgumu. Gobore lilikuwa sehemu ya majadiliano na jirani huyo.

Sasa hebu tuvuke msitu tushuke ndani ya kreta, tuone huko bunduki ilikuwa ya nani.

Mwaustria, Oscar Baumann, alifika ukingoni mwaka 1892. Haukupita muda mrefu ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, wakawa na mashamba ndani ya kreta. Walifuga ng'ombe na kujaribu kuwafukuza nyumbu ili wasishindane na mifugo yao malisho. Mabaki ya nyumba ya mawe bado yapo karibu na mto Munge. Vita ilipokwisha, Wajerumani wakapoteza kila kitu, na mashamba yale yakaangukia mikononi mwa Mskoti mmoja tajiri, Sir Charles Ross.

Hapo nilikaa wima kwenye kiti. Huyu Ross hakuwa mwindaji tu. Alikuwa mtengenezaji bunduki. Bunduki ya Ross, iliyotengenezwa Quebec, ndiyo waliyopewa wanajeshi wa Kanada kwenda nayo vitani Ulaya. Ilikuwa na shabaha kali sana, mpaka walenga shabaha wengine waliipenda hadi mwisho. Lakini kwenye matope ya Ypres, Aprili 1915, ilikwama. Wanajeshi walikuwa wakipiga teke mtambo ili ufunguke, huku adui anakuja, na wengine waliitupa wakaokota bunduki za Waingereza waliokufa. Mbaya zaidi, mtambo wake ukifungwa vibaya baada ya kusafishwa, ungeweza kurudi nyuma ukampiga mpigaji usoni. Mwaka 1916 ikaondolewa mikononi mwa wapiganaji wa mstari wa mbele.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa imeshaionja. Mwaka 1911 huko Kenya, Mwingereza George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, alimpiga simba aliyekuwa akimjia mbio kwa bunduki ya Ross. Risasi yake nyepesi na ya kasi haikumsimamisha simba, na Grey akafa kwa majeraha.

Mtu aliyeitengeneza bunduki hiyo ndiye aliyekuja kumiliki sehemu ya sakafu ya Ngorongoro. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilipopiga marufuku uwindaji ndani ya kreta, marufuku ile iliyaacha nje mashamba yaliyokuwa ya akina Siedentopf. Msomaji, pima mwenyewe. Upande mmoja wa msitu kuna mkulima mwenye gobore la Liège anayelinda mahindi. Upande wa pili kuna shamba la mtengenezaji bunduki, ambalo sheria ya uwindaji imelirukia. Tangu hapo, neno "mwindaji" na neno "jangili" yakaanza kutegemea zaidi aina ya bunduki uliyoshika na karatasi uliyonayo mfukoni kuliko kile ulichofanya.

*

Nirudi kwa mtoto, maana ndiye aliyesababisha yote haya.

Silaha ya kwanza ya mtoto ni jambo ambalo fasihi imelipenda. Ernest Hemingway alichapisha mwaka 1933 hadithi iitwayo "Fathers and Sons", ambamo baba anampa mwanawe bunduki na risasi tatu tu kwa siku, kwa imani kwamba uchache utamfundisha kuwinda. Mwaka uleule, mwezi Desemba, Hemingway akashuka Mombasa kuanza safari iliyomleta mpaka huku kwetu, Mto wa Mbu na Ziwa Manyara, akiwa na risasi nyingi zaidi ya tatu. Kutoka hapo kikazaliwa kitabu chake cha 1935, *Green Hills of Africa*. Beryl Markham naye, katika *West with the Night*, anaeleza utoto wake Njoro, Kenya, akifuatana na Wanandi kuwinda ngiri kwa mkuki. Mtoto wa mlowezi mwenye mkuki, si bunduki! Nadhani ndiyo maana sehemu ile ya kitabu haichuji.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ndani ya wilaya hii hii ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde angali mdogo kabisa, saizi ya mkono wake. Anaanza na ndege na wanyama wadogo karibu na kambi. Mishale yenye sumu inakuja baadaye sana, akiwa ameshakua. Upinde unakua pamoja naye: akirefuka, anachongewa mwingine, kisha anachonga wake. Mtoto wa Kiiraqw au wa Kimasai anaanza na fimbo, na kazi ya fimbo ni ng'ombe. Sisi wengine tulikuwa na manati, na kazi ya manati ilikuwa kuvunja vioo vya watu.

Na mimi? Bunduki yangu ya kwanza niliishika nikiwa na miaka 20, JKT, kwa mujibu wa sheria, baada ya kidato cha sita. Tulifundishwa kuifungua, kuisafisha, kuifunga, kulenga. Ninachokumbuka kuliko yote ni jioni, tulipokuwa tunazirudisha ghalani na kuhesabiwa moja moja. Siku moja hesabu ilikosekana kwa dakika chache, na nilimwona afande, mtu asiyeogopa chochote, akibadilika rangi. Bunduki ilikuwa imehesabiwa vibaya tu. Lakini nilielewa kwamba silaha ile haikuwa yangu hata sekunde moja, na kwamba hilo ndilo lilikuwa somo.

Nikitazama mifano hii yote naona kitu kimoja. Silaha ya kwanza inampa mtoto kazi, na nyuma ya kazi kuna mtu mzima anayesimamia. Upinde unasema: utakula na utalisha. Fimbo inasema: chunga. Bunduki ya JKT inasema: linda, halafu rudisha. Sasa gobore la babu lingemwambia nini mtoto wa miaka 11?

*

Jibu lilitoka kwa bibi. Usiku wa tatu tulikuwa jikoni, Baba Mdogo akiendelea kupanga safari ya Mang'ola. Akarudia hadithi tuliyokua nayo wote: babu, kijana, usiku, nyati ametoka msituni, babu kapiga, nyati kamrukia na kumpasua shavu, ndiyo lile kovu, na bado babu akammaliza.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Akasema bila kuinua macho:

"Nyati gani?"

Kimya.

"Shavu lake lilipasuliwa na hilo hilo gobore. Fataki ilirudi nyuma. Nyati alikuwa anakula mahindi tu, wala hakugeuka."

Baba Mdogo akasema, "Mama, lakini yeye mwenyewe alisema..."

"Angesema nini? Mwanaume analinda shamba kwa bunduki inayompiga mwenyewe?" Akaendelea kuchambua. "Alikuwa analipiga kwa ajili ya mlio. Mlio na moshi. Kuua, sikumbuki kama aliua zaidi ya nguruwe wawili. Baada ya hapo alikuwa anafumba macho kila akifyatua, mimi nilikuwa namshikia taa, nilimwona."

Hadithi ikamalizikia hapo kwenye sinia la maharage. Kisha akaeleza kilichofuata. Mwaka 1989 ilipoanza Operesheni Uhai, wanajeshi, polisi na watu wa wanyamapori wakapita vijijini kusaka majangili na silaha. Lengo lake lilikuwa la kweli. Tembo walikuwa wanaisha, na faru ndani ya kreta, ambao katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua 108, walikuwa wamebaki wachache mno. Lakini katika msako namna ile, mwenye gobore la mahindi na mwenye bunduki ya pembe za ndovu wanaweza kufungwa kamba moja. Babu aliogopa kulipeleka, akaogopa kukaa nalo. Akaliviringisha turubai, akapanda nalo juu ya dari. Miaka iliyobaki alilala chini yake.

"Kila operesheni ikitajwa redioni alikuwa anatazama juu," bibi alisema. "Hata ile ya 2013." Alikuwa na maana ya Operesheni Tokomeza, iliyositishwa baada ya malalamiko ya mateso na kuwagharimu mawaziri wanne nyadhifa zao. Halafu akamgeukia mtoto, ambaye kwa kubeba jina la babu yeye humwita "mume wangu" kwa utani. "Mume wangu mmoja ameshalala chini ya hicho kitu. Wa pili hapana."

Ndipo nilipojua kwa nini jibu la Baba Mdogo halikunikaa. "Walitupa kibovu, tukaishi nacho" ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kile kibovu kilimwachia babu kovu usoni na uongo wa kulifunikia kovu, kisha kikamwachia hofu juu ya dari. Tungelipa chuma kile kitako kipya cha loliondo na mtambo unaofanya kazi, tungekuwa tunamrithisha mtoto vyote hivyo pamoja, vikiwa vimepakwa mafuta.

Sheria nayo ina neno lake. Silaha ya marehemu hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, anayetaka kumiliki anaomba mwenyewe, anapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, na mtoto hamilikishwi. Hata kuikarabati bila kibali ni kosa. Nilimweleza Baba Mdogo, naye akanijibu kwamba angejua hayo yote bila mimi. Alinyamaza mpaka asubuhi. Asubuhi akaja na gobore limeviringishwa upya kwenye turubai lake. "Twende," alisema.

Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaenda naye kituoni. Askari aliyelipokea alikuwa kijana, labda mdogo kwangu. Aliligeuza, akauliza lilikopatikana, akaandika. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, akatuambia, na yeye mwenyewe ameshayapokea kadhaa ya namna hii. Mengi hutoka juu ya dari.

Baba Mdogo aliomba alishike mara ya mwisho. Askari akamruhusu. Akapitisha kidole kwenye ile alama ya yai, kisha akalirudisha mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

*

Nyumbani mtoto alitusubiri kwenye jiwe la getini. Hakulia, umri wa kulia hadharani umeshampita. Aliuliza swali moja tu:

"Sasa tembo akija?"

Nilitaka kumwambia kuhusu kamba zinazopakwa oili chafu na pilipili, kuhusu tochi kali na honi, kuhusu kupiga simu kwa askari wa wanyamapori. Nilitaka kumweleza kwamba serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Yote hayo yapo kweli. Lakini kaka yangu analima shamba lilelile, na msimu uliopita alivuna nusu. Jasho lake bado halijafutwa.

Baba Mdogo ndiye aliyejibu. "Akija, tunakesha wote. Wewe utashika taa."

Machi nilipiga simu nyumbani. Tembo walikuwa wamekuja mara mbili. Mtoto alishika taa mara zote mbili, na mara ya pili, kaka alisema, hakufumba macho.